Sabato Ilitukuta Njiani

Nyinyi watatu mmenisumbua vya kutosha. Kila nikianza kusimulia, Kevine anacheka kabla basi halijatoka Gisenyi, Josué anauliza maswali ya polisi, na Aline anataka tu kujua nilimletea nini. (Sikukuletea kitu, Aline. Lala salama.) Basi nimekaa nimeandika, maana karatasi haikatizwi. Nimeandika Kiswahili ili Josué na watu wa kwao Goma wasome bila mkalimani, na tena kwa sababu bibi hawa walibishana kwa Kiswahili njia nzima. Kuwatafsiri ni kuwapunguzia pilipili.

Mambo ya tiketi na mihuri ya mpakani nayaruka. Hayajawahi kumfurahisha mtu.

Kwanza mjue nani ni nani. Nyogokuru, yaani bibi yangu mzaa baba, anaitwa Felisita. Ni Mkatoliki wa rozari shingoni na nyingine ya akiba mfukoni. Mama Eunice ni Msabato, mwembamba, msafi, anayekunja hata leso iliyochafuka. Mama Sifa alikulia Goma, ni Mpentekoste, na sauti yake mnaifahamu hata kama hamumfahamu mwenyewe. Hawa watatu na mwenzao wa nne, Daforoza, ambaye ni Mbatisti, walivuka petite barrière, mpaka mdogo wa kwenda Goma, kila asubuhi kwa miaka mingi, karoti na poireaux, yaani liki, za Busasamana kichwani, wakibishana kuhusu mbinguni tangu kwenye foleni mpaka sokoni. Wanunuzi wa Goma walikuwa wanachelewa kazini kwa sababu ya kuwasikiliza.

Na walikuwa na desturi yao. Mume wa mmoja akifa, siku ya kuanua matanga nywele zake hazinyolewi na wifi wala dada. Wananyoa hao wengine. Wanasema aliyebeba karoti na wewe anajua kichwa chako. Nyogokuru alinyolewa na Daforoza. Mama Eunice alinyolewa na Nyogokuru, huku wakigombana kama maji yawe ya moto au ya baridi. Mume wa Mama Sifa bado yuko hai, na huwa anasema mazungumzo hayo hayampendezi.

Mume wa Daforoza, mzee Tito, alikulia Tanzania, na uzeeni akataka kurudi huko, karibu na binti yao Rahabu, vijijini upande wa Kibondo. Huko ndiko alikofia. Rahabu akapiga simu kusema matanga yataanuliwa Jumamosi. Halafu Daforoza mwenyewe akachukua simu. Hakusalimia.

"Mutakuja kunikata?"

Nyogokuru akajibu, "Tunakuja."

Yalikuwa hayo tu. Na mimi nikaongezwa kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, nina simu yenye ramani, na sina upande. Baba yangu ni Mkatoliki, mama anasali na Mama Sifa, na shule yangu ni ya Wasabato. Makanisa matatu yananiombea kwa jina, na jina lenyewe ni Divine, yaani wa kimungu, jambo ambalo walimu wangu huliona kama matusi.

GISENYI MPAKA KIGALI

Alhamisi asubuhi. Kabla dereva hajawasha gari, Mama Sifa alisimama katikati ya viti akaanza kuombea safari. Aliombea matairi, breki, macho ya dereva, mke wa dereva. Abiria walisema "Amina" mara kadhaa kwa matumaini ya kumaliza, lakini yeye kila Amina aliichukua kama kuni za kuongezea moto.

"Mukecuru, bibi," dereva akasema kwa upole, "nikungoje, ao niende pole pole nyuma ya maombi?"

Wakati huohuo Nyogokuru alikuwa anafanya ishara ya msalaba, na Mama Eunice ameinamisha kichwa kwenye maombi yake ya kimya. Safari ikawa imefungwa kufuli tatu. Tukapanda mlima kuelekea Nyakiriba, ziwa likabaki chini likiwa limefunikwa na ukungu, na vita vya kwanza vikaanza. Vilihusu kidumu.

Nyogokuru alikuwa amebeba kidumu cha urwagwa, pombe ya ndizi, aliyoipika mwenyewe. Alisema matanga bila urwagwa ni mkutano wa kata.

"Felisita, hiyo kidumu isinikaribie," Mama Eunice akasema. "Kesho ni Ijumaa. Siwezi kuingia Sabato nikinuka kilabu."

"Haitakuuma. Imefungwa."

"Hata nyoka anafungwa."

Basi kikapitishwa kwa Mama Sifa, ambaye aliniuliza ndani mna nini. Nikamwambia ni kitu cha Nyogokuru cha ndizi. Hakuna mahali hapo niliposema uongo. Akakiweka katikati ya miguu yake kwa upendo, akanishukuru, na mimi nikatazama dirishani mpaka Musanze nikiuma shavu langu kwa ndani.

Kigali tulilala kwa shangazi. Alipika vizuri. Hakuna kingine, isipokuwa kila mmoja alimwomba shangazi pembeni, kwa siri, amwekee kitanda mbali na Mama Sifa kwa sababu ya kukoroma. Mama Sifa naye aliomba awekwe mbali na Nyogokuru.

KIGALI MPAKA RUSUMO

Mpango ulikuwa huu: tuondoke Ijumaa alfajiri, tufike kwa Daforoza kabla jua halijazama. Kwa nini jua? Kwa sababu Sabato ya Mama Eunice inaanza jua likizama Ijumaa, inaisha jua likizama Jumamosi, na katikati hapo yeye hapandi gari. Wote walijua. Walikuwa wameishi na Sabato hiyo miaka yote kama mtu anavyoishi na jirani mwenye mbwa.

Ila kidumu hakikuwa na mpango wetu. Urwagwa changa ukiitikisa kutwa nzima inakasirika. Tulipopita Kayonza kidumu kilikuwa kimevimba kama mtu aliyetukanwa, na katikati ya Mama Sifa kusema "Haleluya" kwa sababu ameona ng'ombe wazuri, kifuniko kikaruka. Pombe ikapanda mpaka kwenye paa la basi, ikashuka yote juu yake.

Mzee mmoja nyuma akasema: "Mama, leo umeanza mapema."

"Mi sinywi! Mi nimeokoka!" Mama Sifa alipiga kelele, huku pombe ikimdondoka kwenye nyusi. "Divine! Ulisema ni kitu ya ndizi!"

"Ni ya ndizi, Mama Sifa."

"Yoo, urwagwa yangu," Nyogokuru alilia. "Urwagwa ya Daforoza!" Mama Eunice alicheka mpaka akalazimika kumshikilia Nyogokuru ili asianguke kitini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka na meno yote nje.

Rusumo, maji ya Akagera yanaanguka chini ya daraja kwa kelele kama uwanja wa mpira. Mama Sifa hakuyaangalia. Alisema hawezi kuingia nchi ya watu akinuka baa, wamwone waseme Wanyarwanda wote wako hivyo. Akatafuta bomba, akafua kitenge, akakisuuza, akakinusa, akakifua tena. Basi la kwanza la upande wa Tanzania likaondoka tukiliona. Tukapanda la pili, na kitenge kikaning'inia dirishani kikipepea kama bendera ya taifa lisilojulikana.

RUSUMO MPAKA MKANDA ULIPOKATIKA

Tanzania watu wana adabu ya kutisha. Konda, kijana wa umri wa kaka yangu, aliwainamia: "Shikamoo, bibi zangu." Nyogokuru akajibu "Bonjour." Mama Eunice akajibu "Sawa." Mama Sifa, baada ya kufikiri, akajibu "Amina," na akaendelea kujibu Amina kwa kila shikamoo mpaka siku tuliyorudi, hata nilipomweleza kuhusu marahaba. Alisema Amina haijawahi kukosea.

Tulibadilisha basi Nyakanazi, tukala mahindi ya kuchoma, tukapita Kakonko, na hapo mchana ulikuwa tayari umelegea. Mama Eunice alikuwa ameanza kuangalia upande wa magharibi, si sana, kama mtu anayeangalia sufuria ya maziwa. Halafu chini ya bonde moja basi lilipiga kelele kama mbuzi, likasimama, likatoa moshi.

Mama Sifa alikuwa wa kwanza kushuka. Boneti ilikuwa wazi. Akanyoosha mkono: "Katika jina la Yesu, we injini," akaiwekea mkono injini, na papo hapo akauondoa kwa kasi. "Yesu!"

"Pole mama," dereva akasema. "Hiyo bado haijapoa. Injini ni nzima, mkanda ndio umekatika. Kijana kaenda na bodaboda kuufuata Kakonko."

Kijana huyo wa bodaboda nadhani aliufuata mkanda mpaka kiwandani. Tulikaa. Pembeni palikuwa na maduka machache, kanisa dogo la matofali, na watoto waliokuja kumwona Mama Sifa. Jua likashuka. Nami, kwa nia njema kabisa, nikafanya jambo. Saa za Tanzania ziko mbele ya zetu kwa saa moja, na simu ilikuwa imejirekebisha yenyewe. Nikairudisha Kigali.

"Mama Eunice, tazama, bado mapema sana."

Akaitazama simu. Akanitazama mimi. Akainua kidole kuelekea kilimani.

"Hii ni saa ya Kigali. Jua iko hapa."

Mkanda ulifika jua likiwa limebakiza kipande kama ukucha. Dereva akawasha, watu wakapiga makofi, wakapanda. Mama Eunice akashusha begi lake, akaliweka chini pembeni ya barabara, akakaa juu yake.

"Eunice, panda," Nyogokuru akasema.

"Nendeni. Mi nitakuja nyuma. Kesho jua ikizama, ao kesho kutwa asubuhi."

"Kesho jua ikizama Daforoza atakuwa amenyolewa na mawifi!"

"Najua."

"Ah, Mama Eunice," Mama Sifa akaingilia, "Yesu si aliponyesha mutu siku ya Sabato?"

"Aliponyesha. Hakupanda basi."

Konda alikohoa ili asicheke. Nyogokuru hakucheka. "Tumesema tunakuja. We ulikuwa hapo. Mi sikusema 'tunakuja kama jua inatupenda.'"

"Kama haikuwa pombe yako tungekuwa tumefika."

"Na kama Sifa asingefua kama mutu anaenda kuolewa!"

"Musinitie mimi!" Mama Sifa akasema. "Nani aliniogesha?"

Mama Eunice alingoja wamalize. Kisha akasema kwa sauti ndogo, mpaka nikalazimika kusogea. "Felisita, bwana yangu alikufa Ijumaa. Unakumbuka. Nyumba ilijaa watu na makelele. Jua ikazama, nikawaambia, munyamaze, Sabato imeingia. Wakanyamaza. Ni hiyo siku moja tu nililala. Hii kitu ndiyo ilinishika. Nikiitupa hapa barabarani, nitamushika Daforoza na mikono gani?"

Nyogokuru akageuka, akapanda basi, akakaa. Mama Sifa akafuata. Nami nikafuata, kwa sababu nilitaka kufika, sitaki kuwadanganya. Nilikuwa nimekasirika. Niliona ni ujinga kumwacha rafiki anyolewe na watu wengine kwa sababu ya mwanga.

Basi likaanza kutembea. Dirishani nilimwona Mama Eunice amevua viatu, anavifuta vumbi kwa ile leso yake, kimoja kimoja, ili Sabato imkute akiwa safi. Hakuangalia basi.

"Simamisha!" Nyogokuru akapaza sauti.

"Bibi, umesahau kitu?" konda akauliza.

"Ndiyo. Nimesahau mutu."

Alishuka akigombana na kila ngazi. Mama Sifa nyuma yake, akisema yeye hawezi kubaki peke yake na vijana wa kiume. Mimi nikawarushia mabegi kupitia dirishani, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Usiniambie asante," Nyogokuru alimwambia Mama Eunice. "Nimeshuka na hasira."

"Sikusema kitu."

"Ndiyo, usiseme."

Na jua likazama.

JUMAMOSI, AMBAPO HATUKWENDA POPOTE

Mama aliyetuokota anaitwa Mama Neema, mke wa katekista wa lile kanisa dogo la matofali, la Waanglikana. Alikuja akifuta mikono kwenye khanga: "Jamani bibi zangu, mtalala barabarani kama magogo?" Yeye alisema Kiha, Nyogokuru akajibu Kinyarwanda, wakaelewana nusu, na hiyo nusu ikatosha kupata mikeka.

Kwanza, usiku huohuo wa Ijumaa, nilimpigia Rahabu. Alisikika amechoka. Ukoo wa baba yake ulikuwa umeshafika kutoka mbali, chakula kilikuwa jikoni. "Siwezi kuhamisha siku, Divine. Nitawaomba wangoje kidogo mchana. Zaidi ya hapo siwezi. Mama nimwambie nini?"

Nikampa Nyogokuru simu. Akasema, "Mwambie Eunice alikutwa na jua." Akanirudishia.

Kisha chakula. Mama Neema alileta mbuzi wa mchuzi, kambale aliyekaangwa na ugali wa muhogo mweupe kama theluji ya kwenye picha. Nikafurahi kuliko nilivyofurahi ubatizo wangu wowote. Ila kumbukeni ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, kwa hiyo Nyogokuru hali nyama, wala kambale aliyeguswa na mchuzi wake. Wasabato hawali samaki asiye na magamba, kwa hiyo Mama Eunice hali kambale, na mbuzi alikuwa amepikwa na mafuta aliyoyashuku. Mama Sifa alikuwa kwenye mfungo na hakuwa ameamua kama unaisha. Wakakaa mbele ya chakula, mikono mapajani, wakitabasamu. Mimi nikala kwa niaba ya Ukristo mzima.

Mama Neema akaanza kuondoa mabakuli, na nikaona kidevu chake kinacheza. Alidhani wameona kinyaa jikoni kwake. Nyogokuru naye akaona, akamshika mkono, akamweleza polepole nani hali nini na kwa nini.

"Kumbe," Mama Neema akasema. "Mmoja hali nyama, mmoja hali kambale, mmoja hali kabisa. Na mnasafiri pamoja? Mnasafirije?"

"Kwa kuchelewa," Nyogokuru akajibu.

Mama Neema alicheka mpaka mumewe akaja kuangalia. Akachemsha maharage, akaweka sinia moja katikati, na Mama Sifa akakumbuka kwamba mfungo wake unaisha giza likiingia. Walikula wote hapo, mikono minne kwenye sinia moja. Nikaomba niongezewe nikaambiwa nimeshakula.

Asubuhi Mama Eunice alivaa gauni lake jeupe akauliza Wasabato wako wapi. Hawakuwepo karibu. Mzee Elia, katekista, akamfungulia kanisa lake, akapangusa benchi la mbele kwa mkono. Nyogokuru akasema ataingia kumsindikiza tu. Mama Sifa akasema ataingia kumwangalia Nyogokuru asilale. Nami nikaingia kwa sababu nje kulikuwa na jua. Mzee Elia akakaa nyuma, akaninong'oneza, "Jumamosi yangu imejaa kuliko Jumapili."

Ilikuwa ibada ya ajabu. Mama Eunice alisoma Zaburi polepole. Mama Sifa alipiga makofi mahali ambapo Wasabato hawapigi. Nyogokuru alipiga magoti mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyepiga, akasimama, akaona aibu, akapiga tena. Wimbo mmoja waliufahamu wote, lakini Mama Sifa aliuimba mbio na Mama Eunice aliuimba kama anavuka mto, kwa hiyo mmoja alimaliza akamngoja mwenzake ng'ambo.

Mchana ulipofika, Nyogokuru akaacha kuimba. Akatazama mlango uliokuwa wazi, nje kukiwaka.

"Saa hizi wanamukata," akasema.

Mama Eunice aliondoka benchi la mbele, akaja akaketi kati yao wawili. Hakuomba msamaha na Nyogokuru hakumwambia si kitu. Nyogokuru alisogea kidogo tu, akampa nafasi. Na Mama Sifa akaomba kwa kunong'ona. Miaka yote hii sikujua kwamba ana sauti hiyo. Alitaja jina la Daforoza tu, mara nyingi, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto usingizini.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoisha, kama mnataka kujua. Sijui ilikwenda wapi.

JUMAPILI, BARABARA YA MATAWI

Basi lilipita asubuhi mapema. Ilikuwa Jumapili ya Matawi, na parokia iko upande wa nyuma, tulikotoka. Tangu nimjue Nyogokuru hajawahi kuikosa misa hiyo, hata mwaka alioenda akiwa na malaria, akatapika kwenye ngazi za kanisa akaingia. Nilingoja aseme tukae. Alipanda basi. Akafunga leso kichwani, akakaa, akatoa rozari, akatazama mbele.

Mama Eunice alimwona.

Kabla ya Kibondo barabara ikafungwa. Maandamano ya Wakatoliki wa kigango fulani yalikuwa yanapita, watoto mbele, wanakwaya, kila mtu na tawi lake, na dereva akazima gari kungoja. Mama Sifa akatoa kichwa dirishani akaungana na kwaya, kwa nguvu kiasi kwamba padri aligeuka kutafuta sauti ile inatoka wapi. Dirisha la upande mwingine, Mama Eunice alitoa mkono.

"We mutoto. Njoo. Nipe moja."

Msichana mdogo akampa tawi. Mama Eunice akalipangusa vumbi, bila shaka, akamwekea Nyogokuru mapajani.

"Shika."

"Nyinyi kwenu hamuna matawi," Nyogokuru akasema.

"Hatuna. Ndiyo maana nakupa yako."

Nyogokuru alilishika tawi kwa mikono miwili mpaka maandamano yakaisha kupita. Alikuwa analia na alikuwa amekasirika kwamba analia. "Sasa nitasema asante ao nitanyamaza?"

"Nyamaza," Mama Eunice akasema. "Mi nilinyamaza."

KWA DAFOROZA

Uani kwa Rahabu vijana walikuwa wanafungua kamba za turubai. Masufuria makubwa yalikuwa yamepinduliwa chini, yakikauka. Viti vya kukodi vimepangwa kimoja juu ya kingine. Hakuna kitu kinachokuambia umechelewa kuliko viti vilivyopangwa hivyo.

Rahabu alitukumbatia wote. "Jana tuliwangoja. Watu wa mbali wakaanza kulalamika. Tukamaliza."

Nyogokuru aliweka begi chini. "Nani alimukata?"

Rahabu akaonyesha nyuma ya nyumba. "Nendeni mumwone."

Daforoza ninayemkumbuka alikuwa mwanamke mkubwa aliyeweza kubeba gunia la karoti na mimi juu yake. Aliyekuwa amekaa kwenye mkeka alikuwa mdogo, kitenge kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Mumechelewa."

"Tumechelewa," Mama Eunice akasema. Alikuwa amesimama mbali kidogo na wengine, begi bado mkononi. "Ni mimi, Daforoza. Hawa walikuwa kwenye gari, gari ilikuwa nzima. Ni mimi tu. Jua..."

"Niliambiwa."

Akainua mkono, akavuta kitenge. Nywele zote zilikuwepo, nyeupe na nyeusi, hazijachanwa, zimesimama kila upande.

"Mawifi walikuja na wembe," Daforoza akasema. "Nikawaambia, kuleni, kunyweni, muanue matanga yenu. Yangu iko njiani."

Mama Eunice akapiga hatua moja mbele, akasimama tena.

"We Eunice, ungefika hapa jana na gari, hapo ndiyo ningeogopa. Ningesema huyu si Eunice, wamenitumia mutu mwingine. Weka hiyo begi chini. Unasimama kama unadai."

Basi kazi ikaanza. Mama Sifa akaleta beseni. Mama Eunice akamimina maji, na safari hii hakuna aliyeuliza kama ni ya moto au baridi. Nyogokuru akafungua wembe mpya. Mtu wa kushika kichwa alitakiwa, na Mama Sifa alikuwa ameshika beseni, kwa hiyo Nyogokuru akasema, "Divine, njoo ushike."

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, mzuri sana, kuhusu makanisa manne na kichwa kimoja. Nikapiga magoti nyuma ya Daforoza, nikakishika kichwa chake kwa mikono miwili, na ule mzaha sikuutoa.

Rahabu aliniambia baadaye kwamba mama yake hakuwa amelia hata mara moja. Si siku ya kifo, si makaburini, si jana mbele ya ukoo. Watu walikuwa wameanza kusema. Shungi la kwanza la nywele lilipoanguka kwenye kitenge, Daforoza akalitazama, na akaanza kulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu mzima.

Mama Sifa hakusema Haleluya. Nyogokuru hakugusa rozari. Aliinua wembe akangoja. Alipotulia, akakata. Alipoanza tena, akainua tena akangoja, na Mama Eunice akamimina maji kidogo kwenye shingo, akayapokea kwa kiganja kabla hayajafika kwenye nguo. Hawakuharakisha. Vijana walimaliza turubai wakaondoka, kuku wakarudi uani, na wao bado wanakata na kungoja, kukata na kungoja.

Kichwa chake kilikuwa cha moto na kizito kuliko mnavyofikiri. Kila alipolia nilisikia mtikisiko unapita mikononi mwangu mpaka kwenye viwiko. Magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Nikajisogeza kidogo, na Mama Eunice akaniona.

"Usimuachilie," akasema.

Sikumwachilia.